Zabuni Ndiyo Itakayowasha Tanuru

Msimu uliopita wa mavuno, puli ya mashine ya kusaga ilipasuka kijijini kwetu Masakta. Mwenye mashine hakuwa na fundi wa kumsubia nyingine; alipanda basi kwenda Arusha kutafuta puli kuukuu inayofanana nayo, akarudi siku ya tisa. Siku zote hizo mama zetu walibeba mahindi vichwani hadi kijiji cha jirani.

Kwetu Hanang kusubiri kipuri si jambo geni. Katika miaka ya 1970 na 1980, Serikali ikisaidiwa na Kanada ilianzisha mashamba saba ya ngano chini ya NAFCO, takriban ekari 100,000, zilizokuwa malisho ya Wabarabaig. Mashine zilikuja kutoka ng'ambo. Uwezo wa kuzaa vipuri vyake ukabaki hukohuko.

Hata hivyo, kuyeyusha metali hakukuwa elimu ngeni hapa. Wahunzi wa Kidatoga huyeyusha shaba na aluminiamu chakavu kwa mkaa na mivukuto, wakamimina kwenye kalibu, wakapata bangili. Malipo yao yamekuwa kutengwa: kuoa katika ukoo wa wahunzi kulihesabiwa mwiko. Tulidharau mikono tuliyoihitaji.

Aluminiamu huyeyuka kwa nyuzijoto 660, na mkaa hutosha. Chuma cha kusubu hudai takriban 1,200, na hapo mahitaji hubadilika: tanuru kubwa, mchanga wa silika uliochanganywa na bentonaiti, na siku hizi programu za kompyuta, kama MAGMASOFT ya Ujerumani, zinazoonyesha mapema jinsi chuma kitakavyojaza kalibu na mahali ambapo matundu yatajificha. Wauzaji wa vitu hivi wapo, lakini huenda kwenye wateja wa kudumu. Kiwanda cha Kilimanjaro Machine Tools, kilichojengwa Hai kwa ushirikiano na Bulgaria, kilikusudiwa kuzaa mashine za kuzaa mashine. Kikaja kudorora kwa miaka mingi. Kujenga kiwanda ni jambo moja, kukipa kazi ya kila siku ni jingine.

Mnunuzi mkubwa nchini mwetu ni Serikali. Kwa hiyo hoja yangu inawahusu ninyi mnaoandika zabuni za halmashauri na mamlaka za maji. Mnaponunua pampu, daini michoro ya vipuri vinavyochakaa upesi. Mifuniko ya chemba na vifuniko vya mita isubiwe nchini, kwa mikataba ya miaka kadhaa na vipimo vya ubora visivyolegezwa. Mwanzoni bei inaweza kuwa juu kidogo; ihesabiwe pamoja na siku za kusubiri, ambazo hakuna ankara inayozitaja.

Pasipo oda hizo, wanafunzi wetu watahitimu wakijua kusubu kwenye skrini tu, bila kupata kunusa mchanga uliounguzwa na chuma.