Barua kwa Mpwa Wangu Baada ya Kufungwa Tatu kwa Moja

Wajir

Mpwa wangu mpendwa,

Mama yako anakusalimu na anauliza kama ule mtungi wa siagi ya ngamia ulifika au ulibaki kwenye basi.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mpaka mwisho, pamoja na kelele za wenzako waliokuwa wakikukatiza. Nilivyoelewa ni hivi: timu yenu ya huko Garissa imefungwa tatu kwa moja ugenini, mlitangulia kufunga, mabao yote matatu yaliingia baada ya dakika ya sitini, na sasa kibanda chenu cha chai hakikaliki. Kundi moja linataka kocha aondoke. Jingine linataka kipa akae benchi. La tatu, ambalo ulilitaja kwa sauti ya chini, linasema vijana wa Down Kenya, yaani waliotoka nje ya huku kwetu Kaskazini Mashariki, wapunguzwe kikosini kwa kuwa eti hawachezi kwa moyo. Jumapili mashabiki wanakutana na kocha, na wewe ndiye uliyechaguliwa kuwasemea. Unaniuliza useme nini.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu utaanza kunibishia kabla sijamaliza.

Ile video ya mechi uliyonitumia niliitazama taratibu, nikairudisha nyuma kila bao lilipoingia. Usitazame bao, mpwa wangu. Bao kila mtu ameliona. Tazama mpira ulipotoka. Katika bao la kwanza, kipa wenu anapiga mpira mrefu, unawapita washambuliaji wenu wote na kuishia mikononi mwa kipa wao. Yeye hapigi popote. Anaurusha kwa beki wa kulia, na viungo wenu wawili wako mbele kule, mikono kiunoni, hawawezi kurudi. Pasi tatu, krosi, kichwa. Bao la pili ni hilohilo, ila limepitia kushoto. La tatu ni penalti, na penalti ile ni ya beki aliyechoka, aliyeona mtu anampita akanyoosha mguu kwa kuwa hana pumzi ya kumkimbiza. Sasa niambie kosa la kipa liko wapi. Kisima kikikauka huku Wajir hatulaumu ndoo.

Hapo kuna jambo ambalo sikusikia hata mmoja wenu akilitaja. Garissa mnaishi kwenye mita kama 150 tu juu ya usawa wa bahari. Mlikwenda kucheza nyanda za juu za Bonde la Ufa, mahali palipo juu ya mita 2,000. Huko mgandamizo wa hewa uko chini kwa takriban moja ya tano, na kila pumzi unayovuta inaleta oksijeni kidogo kuliko uliyozoea. Mwili huhitaji siku nyingi kuizoea hali hiyo, na ninyi mlifika alfajiri baada ya safari ya kilomita zaidi ya 650, mkalala saa chache, mkaingia uwanjani. Hewa hiyohiyo nyepesi inaupeleka mpira mbali zaidi. Teke ambalo Garissa linamwangukia straika wenu kifuani, kule linampita. Mlikuwa mnapiga mipira ya nyumbani katika hewa ya wenyewe.

Tena uwanja. Ule wa kwenu ni mchanga na udongo uliokauka, mpira ukidunda unaruka juu ya beki na kumwacha akihangaika. Ndiyo maana mipira mirefu imewapa ushindi mara nyingi pale, na ndiyo maana hakuna anayeona haja ya kujifunza kitu kingine. Kwenye nyasi mpira haudundi vile. Unatulia, na anayejua kupasiana chini anakukimbiza mpaka unaishiwa. Timu yenu haikukosa moyo. Iliishiwa pumzi, kwa sababu ilikimbia kuufuata mpira ambao ilikuwa inautoa yenyewe.

Kuhusu kocha, sikubaliani na wanaotaka aondoke, na vilevile sikubaliani na wanaosema asiulizwe. Sheria za mpira siku hizi zinaruhusu mashindano kutoa nafasi ya kubadilisha wachezaji watano. Ilianza mwaka 2020 wakati wa korona, ikawa ya kudumu 2022. Kwenye video yako mabadiliko ya kwanza nayaona kama dakika ya themanini, tayari mmefungwa mawili. Hilo ndilo swali lake, na ni swali la haki. Muulize kwa adabu, mbele ya watu, kisha umwache ajibu. Akisema benchi halikuwa na mtu wa kuingia, basi tatizo ni mazoezi na uteuzi, na mazungumzo yahamie huko.

Ninyi vijana mnapenda neno mabadiliko. Timu ikifungwa tu, mnataka mfumo mpya, kipa mpya, nahodha mpya, hata jezi mpya. Ukibadilisha kila kitu kwa siku moja halafu ukashinda, hutajua kilichokusaidia ni kipi. Ukifungwa tena, hutajua kilichokuponza ni kipi. Mkumbuke Argentina kule Qatar. Tarehe 22 Novemba 2022 walifungwa na Saudi Arabia mawili kwa moja, baada ya kucheza mechi 36 bila kupoteza. Hapa Wajir watu walishangilia kana kwamba Riyadh ni mtaa wa pili. Siku nne baadaye kocha Lionel Scaloni alibadilisha watu watano walioanza dhidi ya Mexico, lakini hakuugusa mgongo wa timu: Messi alibaki, kipa alibaki, Otamendi alibaki. Mac Allister aliingia kikosini na hakutoka tena. Enzo Fernández alitoka benchi akafunga, na Julián Álvarez akaanza mechi iliyofuata. Kombe walilichukua.

Na kama unataka mfano wa karibu zaidi, huo uliuona mwenyewe Agosti 2025. Tarehe 10, kwenye CHAN, Harambee Stars waliifunga Morocco moja bila pale Kasarani, bao la Ryan Ogam, na kipindi chote cha pili tulikuwa watu kumi uwanjani baada ya kadi nyekundu. Mimi ni nani nisifurahi? Lakini tazama waliofungwa walifanya nini. Waliifunga Zambia tatu kwa moja, wakaifunga Kongo ya Kinshasa tatu kwa moja, wakaitoa Tanzania moja bila kwenye uwanja wa Mkapa, wakaitoa Senegal kwa penalti Kampala, na tarehe 30 mwezi huohuo wakarudi Kasarani, uwanja uleule, wakaifunga Madagaska tatu kwa mbili na kuondoka na kombe la CHAN. Kocha Tarik Sektioui hakufukuzwa baada ya kufungwa na watu kumi. Fikiria kelele ambazo zingepigwa hapa kwetu.

Sisi tulioshinda siku ile tulitolewa robo fainali na Madagaska hao hao. Tulitangulia kwa bao la Omija mwanzoni mwa kipindi cha pili, wakasawazisha, tukafika penalti na kupoteza nne kwa tatu. Wiki mbili baadaye Gambia walitufunga tatu kwa moja nyumbani, na siku nne baada ya hapo tukaifunga Shelisheli tano bila. Kibanda chenu nadhani kilisherehekea. Mimi sikuona cha kusherehekea. Shelisheli si kipimo cha kama umerekebisha kilichokufanya ufungwe na Gambia. Kwa hiyo mkishinda mechi ijayo dhidi ya timu dhaifu, usiwaruhusu wenzako waseme mambo yamekwisha.

Sasa lile kundi la tatu, linalotaka vijana wa Down Kenya wapunguzwe.

Ulilitaja haraka haraka, nikajua limekuumiza. Nitalisema wazi kwa sababu wewe Jumapili hutaweza kulikwepa. Mji mnamosoma ni Garissa. Asubuhi ya tarehe 2 Aprili 2015 al-Shabaab waliingia Chuo Kikuu cha Garissa, wakawatenganisha wanafunzi kwa dini, na watu 148 wakauawa, wengi wao wanafunzi wa umri wako wa leo. Wewe ulikuwa shule ya msingi. Chuo kile kilifunguliwa tena Januari 2016, na mwaka 2017 kikapata hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Kila mzazi wa mbali ambaye tangu siku ile ameruhusu mtoto wake apande basi la Garissa amefanya jambo ambalo mimi sijui kama ningeliweza. Desemba ya mwaka huohuo wa 2015, karibu na El Wak, abiria Waislamu wa basi lililokuwa likienda Mandera waliambiwa na al-Shabaab wajitenge na Wakristo, wakakataa. Mmoja wao, mwalimu Salah Farah, alipigwa risasi siku ile, akafariki Januari iliyofuata.

Kwa hiyo mtu akisimama Jumapili na kusema wachezaji wapangwe kwa walikotoka, usimjibu kwa hoja za mpira. Usimwambie kwamba winga wenu bora ametoka Kitui, hata kama ni kweli, kwa sababu ukimjibu hivyo umekubali kwamba winga mbaya kutoka Kitui angestahili kufukuzwa kwa ajili ya Kitui. Mwambie hoja hiyo haitajadiliwa, kisha uendelee na ajenda. Akikasirika akatoka, mwache atoke. Wala usidhani mambo yangeishia kwa Down Kenya. Hao wakimalizika, wiki ya pili wataanza kuhesabu koo zetu wenyewe, nani ametoa wachezaji wanne na nani hana hata mmoja. Nimewahi kuona timu ya shule ikifa hivyo, na haikufungwa na mtu.

Turudi kwenye kazi. Ramadhani iko mlangoni na mna mechi mbili nyumbani ndani ya mfungo. Hilo lina uzito kuliko mjadala wa 4-4-2 na 3-5-2. Sehemu kubwa ya kikosi itakuwa imefunga, na jua la Garissa unalijua: joto la nyuzi 35 na zaidi ni jambo la kawaida mchana. Mazoezi ya saa tisa alasiri hayafai kabisa. Mwombe kocha achague wakati mmoja kwa wote, ama mazoezi mepesi ya nusu saa yatakayoishia kwenye adhana ya magharibi, ama yale makali usiku baada ya tarawehe kama mtapata uwanja wenye taa. Nasisitiza: wakati mmoja kwa wote. Wasiofunga wasifanye mazoezi yao peke yao asubuhi kisha wenzao usiku, maana hapo mtakuwa na timu mbili zenye jezi moja. Na baada ya futari wakae pamoja, wale pamoja. Sambusa hazina dini.

Jambo jingine la aibu kidogo, lakini mimi ni abti wako, yaani mjomba, na nina ruhusa. Katika ile safari ya usiku, ni wangapi walitafuna miraa mpaka alfajiri? Sauti ya mmoja wa wachezaji kwenye ujumbe wako ilikuwa sauti ya mtu ambaye hajalala tangu Mwingi. Mtu anayekesha na miraa hana njaa, hana usingizi, na dakika ya sitini hana miguu. Simsemi mtu. Ila kama mashabiki wanataka kubadilisha kitu kitakacholeta matokeo haraka, waanze na mfuko mweusi ulio chini ya kiti cha nyuma cha basi.

Basi Jumapili ukisimama, sema machache. Kwanza washukuru wachezaji, na umtaje kipa kwa jina, asikie akiwa amekaa mbele ya waliotaka atolewe. Halafu omba video ionyeshwe kuanzia dakika ya sitini, na kila bao lirudishwe mpaka pale mpira ulipopotea. Watu wakiona kwa macho yao, nusu ya kelele zitaisha zenyewe. Kisha muulize kocha mambo matatu tu: kwa nini mabadiliko yalichelewa, viungo watafundishwaje kukaa na mpira chini, na mechi ya ugenini ijayo mtasafiri siku gani. Majibu yaandikwe, mkutano ujao yasomwe. Anayesema kocha aondoke apewe nafasi aseme, lakini aseme pia nani anakuja badala yake na atalipwa na nani.

Ukimaliza, nitumie ujumbe. Kama kocha ataanza mechi ijayo na wachezaji wanane au tisa walewale na kiungo mmoja mpya wa kukaa mbele ya mabeki, jua amesikia. Kama atabadilisha wote kumi na mmoja, jua amewaogopa, na hapo mrudieni tena.

Mtungi wa siagi uutafute. Mama yako hatasahau.

Mimi abti wako