Fataki iliyobanwa na ganda la mjomba

Leo naweka programu kando kidogo, twende kwetu, barabara ya Voi hadi Taveta.

Mjomba wangu wa Maktau ana ganda la risasi aliloliokota shambani. Likizo iliyopita akaniuliza, "Wewe uliyesomea kompyuta, hebu niambie, hii ni ya nani?" Kompyuta na risasi wapi na wapi! Lakini kitako chake kina maandishi: K15 VII. K ni Kynoch, kiwanda cha Birmingham; 15 ni mwaka 1915; VII ni toleo la saba la risasi ya Waingereza ya inchi 0.303. Mwaka huohuo wa 1915 Waingereza walikuwa wakijenga reli ya kijeshi kutoka Voi kupitia Maktau, na tarehe 12 Februari 1916 walishambulia kilima cha Salaita wakarudishwa nyuma.

Katikati ya kitako ndipo inapokaa fataki. Kwenye maganda mengi ya kijeshi ya baadaye, shaba inayoizunguka hugongwa ikaibana. Sababu ni kwamba bombomu ikifyatua mfululizo, fataki iliyolegea huchomoka ikakwamisha mtambo mzima.

Marekani wako watu wanaojaza maganda upya kama burudani. Fataki kuukuu ikitolewa, ule mbano hubaki, na fataki mpya ikilazimishwa hupondeka, hata kulipuka. Kwa hiyo huukwangua, au huusukuma pembeni kwa chuma kigumu. Wakizidisha, tundu hupanuka, fataki inacheza, gesi inavuja. (Waandika programu mnaijua hali hii: unaziba tobo moja, unatoboa jingine.)

Ganda la mjomba ni jingine kabisa. Ndani lina vitundu viwili, si kimoja cha katikati, basi pini ya kawaida ya kusukumia fataki haina pa kupita. Na kwetu Kenya, chini ya Sheria ya Bunduki, Sura 114, kutengeneza risasi bila kibali ni kosa.

Kinachonisumbua ni vijana wanaookota shaba kuuza chakavu. Ganda tupu lenye fataki iliyobonyea limeshafyatuliwa. Fataki isiyobonyea bado inaweza kulipuka ikigongwa nyundo. Na ikiwa kichwa cha risasi bado kipo, hata fataki ikiwa imebonyea, usiiguse: weka alama, umwite chifu au polisi.