Sunburst Katika Kipupwe cha Mawengi

Usiku mmoja wa kipupwe, huko Mawengi wilayani Ludewa, ugenini kwa mtu wa visiwani, ndipo nilipoisikia santuri ambayo marehemu baba aliitafuta hadi akachoka. Nami niliisikia kwenye simu!

Sunburst lilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1970, mwaka mmoja tu baada ya wakuu wa mkoa kuupiga marufuku muziki wa soul. Wao wakachanganya gitaa la roki na ngoma za kwetu. Santuri yao, Ave Africa, ilitolewa Zambia, 1976. Kisha London ndiyo iliyoifufua, 2016.

Baba alinihadithia tu, akiyagonga mapigo kwa vidole mezani. Nami, Mungu anisamehe, nilidhani anatia chumvi. Kumbe ndiyo yale yale. Nikairudia mpaka simu ikazimika.