Fefo Isiyotosha

Huku Kasulu na Kibondo, mtu akipungukiwa damu tunashuku malaria kwanza, halafu minyoo ya safura. Ni sawa, maana ndiyo yaliyo mengi. Lakini mtu wa miaka 60 aliyekwisha kutibiwa yote hayo akirudi viganja vimepauka vilevile, mimi humuuliza habari za choo. Uvimbe ulio upande wa kulia wa utumbo mpana huweza kuvuja damu kidogo kidogo kwa miezi bila maumivu, na madini ya chuma huondoka na damu hiyo. Huyo si wa kuongezewa fefo, vile vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki, na kuambiwa arudi mwezi ujao. Apewe rufaa mapema kwenda hospitali ya Maweni, na ikibidi Bugando.

Wanaoniuma zaidi ni waliokwisha kupona upasuaji. Mama mmoja wa Kibondo alikatwa uvimbe pamoja na kipande cha mwisho cha utumbo mwembamba. Miaka ikapita, analima maharage yake vizuri. Siku aliyokuja kliniki alisema kandambili humvuka njiani na hana habari mpaka akanyage jiwe. "Ni uzee tu, mwanangu." Nikamwomba atoe ulimi: mwekundu, laini, vijipele vyake vimefutika. Nikampitishia pamba miguuni. Hakuisikia mpaka ilipopita vifundo.

Vitamini B12 hufyonzwa palepale alipokatwa. Ini lina akiba ya miaka, kwa hiyo upungufu hujitokeza wakati kila mtu ameshausahau upasuaji. Hata ale dagaa na migebuka kila siku, kinachoingia mwilini ni kidogo mno. Na fefo peke yake ina hatari hapa: asidi ya foliki iliyomo inaweza kupandisha damu, kipimo kikapendeza, huku mishipa ya fahamu inaendelea kuharibika. Dawa yake ni sindano za B12, za karibu karibu mwanzoni, kisha kila miezi miwili au mitatu, maisha yote.

Yule mama sasa anaisikia pamba kwenye nyayo. Vidole bado vina ganzi. Kilichotusaidia ni karatasi yake ya ruhusa, iliyoandikwa wazi ni kipande gani cha utumbo kilichotolewa. Wengi huja na karatasi iliyoandikwa "upasuaji wa tumbo" basi. Ndugu wa mgonjwa, msitoke wodini kabla daktari hajawaandikia kilichokatwa, na karatasi hiyo muionyeshe kila zahanati mnayoingia.