Aliyetuhesabia kabla ya wc

Juzi kijana aliyekuja ofisini kwetu kufanya mafunzo kwa vitendo alitumwa ahakiki orodha ya majina ina mistari mingapi. Lilikuwa faili la maandishi matupu, kubwa kidogo. Akalifungua kwa programu ya kuandikia barua, kompyuta ikaganda, naye akashuka kwenda kunywa chai. Nikafungua terminali nikaandika amri ya wc -l na jina la faili. Jibu lilitoka kabla hajamaliza ngazi. Aliporudi akaniuliza, "Mzee, hiyo ni akili bandia?"

Mwongozo wa kwanza wa mfumo endeshi wa Unix, wa Ken Thompson na Dennis Ritchie wa Bell Labs huko Marekani, una tarehe 3 Novemba 1971, na wc imo humo. Nimehakikisha. Ilitufikia lini sisi huku, sishikilii mwaka. Ninayemkumbuka vizuri ni aliyekuwa akituhesabia maneno kabla yake.

Alikuwa na chumba cha taipu jirani na Posta, Dar es Salaam: mashine mbili nzito, benchi la wateja, na kalenda ambayo haikubadilishwa. Tulimwita Babu ingawa nywele zake zilikuwa bado nyeusi. Chumba kilinuka karatasi za kaboni, utepe wa wino na mafuta ya cherehani, maana hayo ndiyo aliyotilia mashine zake. Muuza kahawa alipopita na dele lake, harufu zile zilichanganyika, na hadi leo kahawa chungu hunikumbusha kazi za watu zilizochelewa.

Ukimpelekea mswada, hakukimbilia kuchapa. Alichukua penseli, akahesabu maneno ya mistari kumi, akapata wastani, akazidisha kwa mistari ya ukurasa, kisha kwa kurasa. Hapo ndipo alipokutajia bei. Kistari kilichosimama peke yake hakukihesabu. Neno lililokatwa mwishoni mwa mstari alilihesabu mara moja tu. Na kwa kuwa alihesabu huku akisoma, alikwambia pia kwamba ulilosema ukurasa wa pili umelirudia ukurasa wa tano.

Waliokwenda Posta kupeleka simu ya maandishi walipita kwake kwanza, maana kaunta ilitoza kwa neno. Babu alifuta bila huruma. "Mgonjwa yuko katika hali mbaya sana tafadhali njoo haraka" iliingia na maneno tisa, ikatoka "Mgonjwa taabani njoo". Kwa kazi hiyo hakudai hata senti.

Kompyuta zikaja, benchi likabaki tupu, mashine zikauzwa. Jengo lenyewe limebomolewa. Pale pamepandishwa ghorofa la vioo ambalo hata kivuli chake kina mlinzi wa kukufukuza.

wc nilionyeshwa na fundi mmoja wa mitambo. Hutoa namba tatu: mistari, maneno, baiti, halafu jina la faili. Haina tangazo wala mapambo. Haisomi kama Babu, lakini haikufichi inachohesabu. Mstari kwake ni pale kitufe cha Enta kilipobonyezwa, kwa hiyo orodha ya majina 300 ambayo mwandishi wake hakubonyeza Enta mwishoni hutoa 299. Neno ni chochote kilichozungukwa na nafasi, hata kile kistari ambacho Babu alikikataa. Na ng’ombe wetu, akiandikwa kwa alama ya ritifaa iliyopinda, ana herufi na alama saba kwa wc -m, lakini kwa wc -c ni baiti tisa, maana katika usimbaji wa UTF-8 alama ile peke yake hula baiti tatu. Kwa alama iliyonyooka, zote mbili hutoa saba.

 

Siku hizi mfasiri kijana anapokea mkataba wa siri wa mteja, anaunakili wote na kuubandika kwenye tovuti asiyoijua mwenyewe, eti imhesabie maneno. Ankara ikipingwa, hawezi kueleza namba imepatikanaje, wala kama ni ya maneno ya Kiingereza au ya Kiswahili, na tofauti hiyo ni pesa: sentensi ya maneno manne kule, hapa inaweza kuwa "nitakupigia" tu.

Mkataba wa mtu usiutoe nje ya mashine yako kwa ajili ya kutafuta namba. Kama kompyuta yako ni ya Linux au Mac, wc unayo tayari. Haihitaji intaneti wala kujisajili.