Kahe: Pikipiki ya Umeme Yachafua Hali ya Hewa Kijiweni

Washikaji, ukitajiwa Moshi najua akili inakimbilia baridi, migomba na mlima. Sasa shuka bondeni kidogo. Pita Mabogini, pita Chekereni kwenye yale majaruba ya mpunga yaliyochimbiwa mifereji kwa msaada wa Wajapani miaka ya 1980, endelea na vumbi lako mpaka uone reli. Hapo umefika Kahe. Sweta ulilobeba utalifunga kiunoni, maana joto la huku halina mchezo. Mlima wenyewe unauona kwa mbali kaskazini, umevaa mawingu, kama vile hauwajui watu wa tambarare.

Nilikwenda kutazama stesheni. Kwa wasiojua, Kahe ni mahali pa heshima katika historia ya reli. Wajerumani waliipitisha hapa njia yao kutoka Tanga, wakaifikisha Moshi mwaka 1911. Machi 1916 Waingereza wakawatimua hapa hapa baada ya mapigano makali, halafu wakaunganisha reli ya kutoka Voi kupitia Taveta. Kahe ikawa njia panda. Treni ya abiria ilipotea kwa zaidi ya miaka 20, ikarudi Moshi Desemba 2019, na kichwa chake kinanguruma kwa dizeli.

Sasa ilivyo kawaida, penye stesheni hapakosi kijiwe cha bodaboda. Nikajisogeza kivulini, salamu mbili tatu, nikatoa simu. Nilikuwa na picha za ile safari ya mwaka 2024, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch walipoitoa pikipiki ya umeme ya Roam, inayotengenezwa Nairobi, na kuipeleka mpaka kwao Afrika Kusini. Kilomita kama 6,000, na umeme wote wa jua! Walikatiza Tanzania, wakaingia Zambia na Botswana, wakafika chini ya wiki tatu. Walitaka kuona kama chombo hicho kinafaa barabara zetu zenye chaji za kubahatisha.

Basi bwana, simu ikazunguka mkono kwa mkono kama vile maonyesho ya Nanenane yamehamia Kahe. Kila mtu anagusa, anakuza picha, anarudisha nyuma. Mmoja akauliza ekzosi iko wapi. Akaambiwa haina. Akacheka mpaka akakaa chini: "Sasa abiria atajuaje kama nakuja?"

Lakini jamaa mmoja hakucheka. Kijana mpole, anaendesha pikipiki ya mkataba, hesabu kwa tajiri kila siku iwe mvua iwe jua. Aliuliza swali moja tu: inakula shilingi ngapi?

Tukakaa chini tukapiga hesabu mavumbini kwa kijiti. Betri moja ya pikipiki ile inabeba uniti tatu na kitu. Kwa LUKU ya matumizi ya kawaida, uniti ni kama shilingi 356, kwa hiyo kuijaza ni shilingi 1,150 hivi, weka na umeme unaopotea kwenye chaja uite 1,300. Inakupeleka zaidi ya kilomita 70. Petroli je? Mwaka 2025 lita ilikuwa inakaribia shilingi 3,000, na pikipiki iliyochoka ya njia hizi ukipata kilomita 40 kwa lita umshukuru Mungu. Umbali ule ule ni zaidi ya shilingi 5,000. Kijana akaitazama ile tofauti pale chini muda mrefu. "Hiyo ni ada ya mtoto," akasema.

Mzee mmoja aliyekuwa pembeni na baiskeli yake akaingilia. Nikampa shikamoo, akaitikia, kisha akanitia kwenye kona: "Mwanangu, hiyo betri ikifa, fundi wa Kahe ataifungua na spana namba ngapi?" Kijiwe kizima kikalipuka. Hilo ndilo swali, na wauzaji wengi wa vyombo hivi hulipita mbio. Mjini utabadilishana betri kituoni kama mtungi wa gesi. Huku, kituo kikiwa Moshi pekee, betri ikiishia mashambani na gunia la mpunga nyuma, utasukuma. Tena huyu kijana wa mkataba hana sauti. Tajiri ndiye anayechagua pikipiki, lakini mafuta ananunua yeye.

Mimi nililowaambia ni hili, na walilipenda. Maji yanayopita Kahe ndiyo yanayoungana na Kikuletwa na kuingia bwawa la Nyumba ya Mungu. Pale yanazungusha mitambo ya megawati 8, yanateremka Pangani, yanazungusha tena Hale, kisha New Pangani Falls megawati 68. Miaka yote wakulima wa bonde hili wanavutana na wenye mitambo kuhusu maji hayo. Mpunga unayataka, umeme unayataka. Siku bodaboda wa Kahe akichomeka betri yake ukutani, na yeye atakuwa ameingia kwenye foleni ya mto ule ule.

"Na treni?" akauliza mzee. Nikamwambia ile ya Dar es Salaam hadi Dodoma inakwenda kwa umeme tangu 2024, kilomita 160 kwa saa. Akaitazama reli yake nyembamba, akatikisa kichwa, akapanda baiskeli.

Mara akatokea mama na magunia mawili ya vitunguu, anakwenda Himo. Yule kijana alikuwa wa kwanza kusimama. Akaitikisa tangi, akasikiliza mafuta yanavyocheza ndani, akamwambia mama: "Tutapitia kwanza pale kwa Mangi, tuweke nusu lita."