Upande wa Kulia wa Nyumba

Mvulana aliyekulia Keroka, mji wa Gusii nchini Kenya, miaka ya 1980 hakuwa na haja ya kuuliza marehemu atalazwa wapi. Mwanamume alizikwa upande wa kulia wa nyumba yake, mkewe upande wa kushoto, na vijana wa ukoo ndio walioshika majembe. Mwandishi wa kumbukumbu hii alikuwa mmoja wa wavulana hao. Mpaka leo akiingia boma lolote kwao, macho yake hupita kwanza kwenye makaburi kando ya migomba ndipo yafike mlangoni.

Mji wenyewe umepasuliwa na mpaka, huku Kisii, kule Nyamira. Kwa maziko, mpaka huo haukuwa na maana. Aliyefia Nairobi aliletwa nyumbani. Aliyefia Mombasa aliletwa pia, hata kama mchango ulichukua wiki nzima.

Mwaka 1987 kila redio ilizungumzia kesi ya wakili S.M. Otieno. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika karibu na Nairobi. Ukoo wake wa Umira Kager ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya. Ukoo ulishinda, akazikwa tarehe 23 Mei, siku 154 baada ya kufa. Wazee wa Keroka waliona haki imetendeka. Mwandishi naye, akiwa mtoto, aliona hivyo hivyo.

Kuchoma maiti? Hilo lilikuwa la Wahindu, waliokuwa na mahali pao Kisumu na Kariokor, Nairobi. Sehemu ya majivu ya Mahatma Gandhi ilimwagwa Jinja, kwenye chanzo cha Nile, mwaka 1948, na watu walilisikia jambo hilo kama habari ya mbali.

Kisha kuchoma maiti kukasogea karibu. Mwaka 2005 aliyekuwa Askofu Mkuu wa Anglikana, Manasses Kuria, alichomwa, kama mkewe Mary kabla yake. Mwaka 2011 ikawa zamu ya Wangari Maathai, mama wa miti, ambaye hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake. Jeneza lake lilisukwa kwa mianzi, mafunjo na gugu maji. Mwili ukateketezwa Kariokor, na majivu yakazikwa katika taasisi yenye jina lake, Upper Kabete. Sokoni Keroka akina mama waliuliza swali moja tu: sasa watoto watamlilia wapi? Tazama jibu la familia ile. Majivu hayakupeperushwa ovyo, yalipewa mahali.

Mwaka 2019 Bob Collymore, mkuu wa kampuni ya simu ya Safaricom, alichomwa Julai 2, na mbunge wa Kibra, Ken Okoth, Agosti 3. Okoth alikuwa na asili ya Kabondo, jirani kabisa na Gusii. Hapo ndipo vijana walipoanza kusema waziwazi kwamba hata wao wangependa hivyo. Sababu wanazo. Sensa ya mwaka huohuo ilihesabu watu 957 katika kila kilomita ya mraba ya Kisii; shamba lililogawiwa wana watano halina nafasi ya kaburi la kila mmoja. Na jamaa walio Minnesota, ambako Abagusii ni wengi, wanajua uzito wa gharama ya kusafirisha jeneza.

Kanisa Katoliki, ambalo lina waumini wengi Gusii tangu misheni ya Nyabururu, liliruhusu kuchoma maiti mwaka 1963. Lakini mwaka 2016 Vatikani ilikataza majivu kutawanywa hewani, ardhini au majini. Hata wazee wasiokuwa Wakatoliki walitikisa vichwa kukubali. Kwao kaburi ni ushahidi wa nani alianza kulima pale, na ebirecha, roho za waliotangulia, zinatakiwa kujua njia ya kurudi bomani.

Mwandishi amebadilika, ila si kabisa. Anakubali moto. Hakubali upepo. Kumwaga majivu mto Gucha ni kumfanya marehemu aondoke Gusii tena, safari hii bila kurudi. Chombo kidogo cha majivu kinaweza kuzikwa upande ule ule wa kulia, katika shimo la kina cha mkono, na mgomba ukaendelea kuzaa kando yake.

Wewe unayetaka kuchomwa, usiwaachie watu wako fumbo. Waite ndugu na wana wako ukiwa hai, uwaambie, kisha utembee nao uani uwaonyeshe mahali.